Emily Hobhouse aliandika hadi habari za sabuni. Waafrika waliokufa kambi ya jirani mbona hawamo kwenye barua zake?

#1 Kibogoyo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimezama kwenye barua za Emily Hobhouse na kuna jambo linanikereketa. Wanaomjua warukie aya ya mwisho.

Ni Mwingereza, kazaliwa 1860 huko Cornwall, binti wa mchungaji wa Anglikana. Hakuolewa. Alimuuguza baba yake mpaka mzee alipofariki 1895, ndipo naye akaanza kuishi, ana miaka 35. Akaenda kwanza Minnesota, Marekani, kuwahudumia wachimba migodi waliotoka kwao Cornwall. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipopamba moto huko Afrika Kusini, jeshi la Uingereza likawa linachoma mashamba na kuwasomba wanawake na watoto kuwatia kwenye kambi. Emily akaanzisha mfuko wa kuwasaidia, Desemba 1900 akapanda meli kwenda Cape Town. Aliomba mabehewa mawili ya misaada, Kitchener, mkuu wa majeshi ya Uingereza kule, akampa moja, na sharti asipite Bloemfontein kwenda kaskazini. Akafika pale Januari 24, 1901 na tani 12 za vyakula na nguo.

Kutoka huko akawa anamwandikia mama yake mdogo London, Lady Hobhouse, mke wa Lord Hobhouse. Kila kitu kimo: mahema yanavyochemka mchana, maji ya mto yasiyochemshwa, watoto wanaokufa kwa surua na homa ya matumbo, maofisa waliomwambia sabuni ni anasa. Barua zikapita mkono kwa mkono hadi kwa wabunge. Juni 1901 ripoti yake ikatoka, na tarehe 14 mwezi huohuo kiongozi wa upinzani, Campbell-Bannerman, akasimama kwenye dhifa akasema serikali inapigana vita kwa mbinu za kishenzi. Barua za mtu mmoja asiye na cheo!

Sasa swali. Waafrika nao walitiwa kambini, mbali na Wazungu. Hadi vita vinakwisha walikuwa zaidi ya 100,000. Vifo vyao vilivyoandikwa ni zaidi ya 14,000, na wanahistoria wengi wanasema havipungui 20,000. Makaburu waliokufa kambini ni kama 28,000, wengi wao watoto. Kwenye barua zake za 1901 Waafrika wanapata mistari michache tu. Kwa nini? Msiniambie "alikuwa mbaguzi" halafu mkaondoka, nataka hoja.

#2 Jogoo la Shamba

Alikuwa mbaguzi. Naondoka.

#3 Mlinzi wa Zamu

Naweka kiti hapa, ngoja waje wajuzi.

#4 Bibi Maktaba

Kibogoyo, asante kwa uzi, ila "mistari michache" inategemea mistari ipi. Akiwa Bloemfontein aliandika kwamba kuna kambi ya Waafrika, amesikia kuna maradhi na vifo vingi, na yeye peke yake haimudu. Akaandikia chama cha wanawake wa hapo mjini, wale watiifu kwa Uingereza, akiwaomba wakaitazame. Hawakufanya la maana. Kwa hiyo alijua, akaandika, akakabidhi wengine. Swali lako zuri zaidi ni kwa nini aliwakabidhi wengine jambo lile wakati mengine yote aliyashika mwenyewe.

#5 Mhasibu Mstaafu

Nimeandika ripoti za wafadhili kwa miaka mingi, nawaambieni fuateni hela. Mfuko wake ulikuwa wa wanawake na watoto walioathirika na vita, na waliochanga walikuwa Waingereza waliosikitikia wanawake weupe wenzao. Barua zile kwa mama yake mdogo hazikuwa soga za kifamilia, zilikuwa taarifa kwa wachangiaji. Mtu amekupa shilingi ununulie watoto wa Kikaburu blanketi, utamwandikia nini? Habari za blanketi. Huwezi kumwandikia kuwa kuna shida nyingine kubwa ambayo hela yake haikupangiwa.

#6 Jogoo la Shamba

@Mhasibu Mstaafu na wachangiaji walikuwa nani? Wabaguzi. Tumerudi palepale.

#7 Fundi Saa

Mnabishana bila kalenda. Emily aliondoka Cape Town Mei 1901. Idara ya kusimamia kambi za Waafrika, chini ya Kapteni de Lotbinière, Mkanada, ilianza kazi katikati ya mwaka huo yeye yuko Uingereza. Kabla ya hapo Waafrika walikuwa wametawanyika, wengine pembeni ya kambi za Makaburu, wengine kando ya reli. Baada ya hapo ndipo wakapangwa rasmi. Wanaume wanapelekwa kulitumikia jeshi, familia zinalima mahindi ya kujilisha kando ya reli, na chakula walikuwa wanauziwa. Kaburu alipewa posho, Mwafrika akauziwa unga! Vifo vyao vilifika kilele Desemba 1901.

Oktoba 1901 Emily alirudi ili akaone zaidi, akazuiwa kushuka melini Cape Town. Mtu aliyezuiwa kutia mguu bandarini mnamlaumu kwa kutokuona mambo ya Desemba?

#8 Kibogoyo

Fundi Saa, hoja yako ina uzito, lakini kumbuka #4. Januari na Februari alikuwa pale na habari alikuwa nazo. Kalenda inamtetea kwa Desemba, haimtetei kwa Februari.

#9 Nyota ya Alfajiri

Mimi nimefanya kazi kwenye kambi moja ya wakimbizi mkoa wa Kigoma, nisiitaje. Hiyo ya sabuni imenigusa. Bajeti ikikatwa, cha kwanza kuondoka ni sabuni, na anayeikata hajawahi kuosha nepi kwa maji matupu. Halafu wanakuja wataalamu kuuliza kuhara kumetoka wapi.

Kuhusu swali: mgeni kambini anaona anakopelekwa na gari. Barabara ya magari ikiishia zoni fulani, ripoti inaishia hapohapo. Nimeona wageni wamekaa siku nzima, wakaondoka hawajui kuwa nyuma ya kilima kuna watu waliofika usiku wanalala chini. Hakuna aliyewaficha. Hakuna tu aliyesema "twende kule". Emily alipokelewa na wanawake wa Kikaburu, walimpikia chai kwenye mahema yao, wakamsimulia. Mwafrika nani alimkaribisha?

#10 Chuma cha Pua

Simulieni ile ya nyoka basi, mambo ya ripoti yatatuua usingizi.

#11 Bibi Maktaba

Haya. Yuko ndani ya hema la mwanamke mmoja wa Kikaburu Bloemfontein, joto halisemeki, mara kifutu kaingia. Waliokuwamo wakatawanyika. Emily akamvaa na mwamvuli wake wa jua, akamponda mpaka akaja mwanamume na nyundo ya mbao kummaliza. Anaieleza kwa mistari michache kabisa, akaendelea na habari za godoro. Ndiyo maana barua zake zinasomeka. Hapigi kelele. Anakwambia hema lina watu wangapi, kitanda hakuna, maji ni haya, mtoto jana alikuwa hai.

#12 Chuma cha Pua

Mwamvuli dhidi ya kifutu. Huyu angeshinda hata Kitchener.

#13 Fundi Saa

Kitchener alimwita "yule mwanamke", tena akitanguliza neno moja la matusi. Na ule mwezi wa Oktoba askari walimbeba mzobemzobe amefungwa shali, wakamhamishia meli ya Roslin Castle arudi kwao. Akamwandikia Kitchener barua fupi: naona haya kuwa raia wa nchi moja na wewe. Nyingine akampelekea Lord Milner, mwakilishi mkuu wa serikali ya Uingereza kule. Huyo Milner walikuwa wamesafiri pamoja meli ya Saxon mwezi Mei, na yeye akamvizia melini mpaka akapata mazungumzo naye. Kumbe wakati huo ofisi zimeshamwekea faili.

#14 Mwana wa Ngazija

Wakuu, mnamsafisha sana. Kwenye mapendekezo ya ripoti yake ya Juni 1901 kuna kifungu kinasema, kwa maana yake, Waafrika wanazidi kuwa jeuri wakiwaona wanawake weupe wanavyodhalilishwa, hivyo uangalifu uwepo wasipewe nafasi za mamlaka kambini. Ameandika kwa mkono wake, akawapelekea wakubwa. Fundi Saa kalenda inasemaje hapo?

#15 Jogoo la Shamba

Mwana wa Ngazija nakununulia kahawa na kashata.

#16 Fundi Saa

Kifungu hicho kipo, sikikatai. Lakini msomeni mtu mzima mzima. Huyohuyo ripoti yake iliwazindua watu wa chama cha kutetea wenyeji pale London. Katibu wao, Fox Bourne, akaiandikia wizara ya makoloni kuulizia kambi za Waafrika. Afisa wa wizara akaandika kwenye faili kwamba haifai kumsumbua Lord Milner ili kumridhisha huyu mpenda kuingilia yasiyomhusu. Mlango uligongwa, ndani wakajifanya wamelala.

#17 Binti wa Mchambawima

Yakhe, mimi nauliza la pembeni. Watu wa kutosha walikuwepo kule wanaojua kusoma na kuandika, Waafrika wenyewe. Barua zao ziko wapi? Mnamngoja Mzungu aandike wakati wenyewe wapo?

#18 Bibi Maktaba

@Binti wa Mchambawima suala zuri sana. Walikuwepo, ila gazeti la John Tengo Jabavu, Imvo Zabantsundu, lilifungwa Agosti 1901 kwa sheria ya kijeshi, likafunguliwa mwaka uliofuata. Sol Plaatje alikuwa Mafeking, aliandika shajara yake wakati mji umezingirwa, na ndani yake njaa ya Waafrika imeelezwa wazi. Barua ya Emily ilipona kwa sababu ilikuwa na wa kuipokea, na aliyeipokea alikuwa na kabati, tena kabati la nyumba ya Lord. Mama wa Kisotho aliyefiwa na watoto kando ya reli angemwandikia nani?

#19 Mwana wa Amu

Hapo kwa Plaatje nipatilize pwani kidogo. Plaatje alipokwenda London 1914 kulalamikia Sheria ya Ardhi ya 1913, ile iliyowazuia Waafrika kununua ardhi sehemu kubwa ya nchi, mmoja wa waliomsaidia ni Alice Werner. Huyu sisi huku twamjua, ndiye aliyekuja Afrika Mashariki kabla ya vita vile vya kwanza akikusanya tenzi na hadithi, kisha akawa profesa wa Kiswahili London. Werner alikuwa sahibu wa Betty Molteno wa Cape Town, na Betty alikuwa sahibu wa Emily. Dunia ya wanawake hawa ilikuwa ndogo, waliandikiana wao kwa wao. Akili yangu yaniambia mtu aliandika kuhusu wale ambao rafiki zake waliwajua. Betty Molteno ndiye aliyemuunganisha na Gandhi.

#20 Chuma cha Pua

Gandhi tena? Huyu naye kaingiaje?

#21 Mwana wa Amu

Mwisho wa 1913 Wahindi wa Natal waligoma, Gandhi akawaongoza kuvuka mpaka kuingia Transvaal, wakafungwa. Emily alikuwa yuko Afrika Kusini wakati huo, mgonjwa wa moyo. Akamwandikia Smuts, jenerali wa zamani wa Makaburu aliyekuwa waziri, amsikilize Gandhi na asipoteze nafasi ya mapatano. Smuts na Emily walikuwa wakiandikiana tangu baada ya vita vya Makaburu. Januari 1914 mapatano ya awali yakapatikana, na kodi ya pauni 3 waliyotozwa Wahindi ikaja kufutwa. Sisemi ni barua yake iliyofanya hayo yote. Lakini Gandhi hakumsahau, alipofariki 1926 alimwandikia tanzia kwenye gazeti lake la Young India.

#22 Mwana wa Ngazija

Gandhi huyohuyo vita vya Makaburu aliwabebea Waingereza majeruhi kwa machela. Kila mtu hapa ana kurasa mbili.

#23 Msafiri wa Free State

Nipo Bloemfontein miaka kadhaa sasa kikazi, nichangie nilichokiona.

Mnara wa wanawake uko nje kidogo ya mji, jiwe refu limesimama juu angani. Chini yake kuna sanamu ya mama ameketi, mtoto aliyekufa kwenye mapaja, na mwanamke mwingine amesimama anatazama mbali. Aliyeichonga, Anton van Wouw, alikuwa Roma, na Emily wakati huo anaishi Roma. Akamsimulia alichokiona Springfontein: mama kakaa juu ya mzigo wake, mtoto anakata roho, hana chozi, hasemi. Emily alikiona kwa macho yake, na sasa ni sanamu. Majivu ya Emily yamo chini ya mnara huohuo, yaliletwa 1926 kutoka Uingereza. Siku ya mazishi Smuts alihutubia.

Lakini linalohusu uzi huu ni hotuba. Mnara ulizinduliwa Desemba 16, 1913 na yeye ndiye aliyealikwa kuufungua. Moyo ukamgomea, akaishia Beaufort West, hotuba ikasomwa na mwingine. Ndani yake aliwauliza Makaburu maelfu kwa maelfu: je, haki haitutaki tukumbuke leo kwamba maelfu ya watu weusi nao waliangamia kambini, kwa ugomvi usio wao? Akaongeza kwamba uhuru ni haki ya kila mtoto wa binadamu bila kujali rangi wala jinsia. Miezi sita tu tangu Sheria ya Ardhi ipitishwe!

Mwaka 1963, miaka 50 ya mnara, hotuba ikachapishwa upya. Maneno ya watu weusi yakaondolewa. Kwa hiyo Kibogoyo, swali lako lina nusu ya pili: kimya chake ni chake kiasi gani, na kiasi gani ni cha waliomhariri?

#24 Nyota ya Alfajiri

Loh. Wakamkata ulimi akiwa kaburini, kwenye mnara wao wenyewe.

#25 Kibogoyo

Msafiri, umeniletea kitu. Ila naomba tusichanganye. Barua za 1901 hazikukatwa na watu wa 1963. Zilizochapishwa London mwaka ule ziliwapita Waafrika hivyohivyo. Hotuba inaonyesha mwanamke wa 1913. Baina ya 1901 na 1913 kitu gani kilimbadilisha?

#26 Mhasibu Mstaafu

Rahisi. 1913 hakuwa anaomba hela.

#27 Mwana wa Amu

Au alikaa na watu. 1905 alirudi Afrika Kusini akafungua shule ya kusokota na kufuma sufu Philippolis, akafundisha wasichana wa Kikaburu ambao vita viliwaacha hawana kitu. Akaishi huko miaka. Mtu akikaa mahali bila pilika za dharura huona waliokuwa nyuma ya pazia.

#28 Jogoo la Shamba

Shule ya wasichana wa Kikaburu. Nyie hamchoki?

#29 Mjukuu wa Mpagazi

Nimesoma kimya, sasa niingie. Huyo Smuts mnayemtaja kama rafiki wa barua ndiye aliyekuja huku kwetu 1916 kuongoza majeshi ya Waingereza dhidi ya Wajerumani wa Lettow-Vorbeck. Machi wakachukua Moshi, Septemba Dar es Salaam. Wazungu na farasi wao wakiumwa, mizigo ikawekwa juu ya vichwa vya wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake waliokufa kwa hesabu zao wenyewe ni makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa. Pale walipokuwa wanakusanywa Dar ndipo panaitwa Kariakoo leo. Babu mzaa babu yangu alichukuliwa Iringa. Kwetu linajulikana jina lake na siku ya mavuno aliyoondoka, basi.

Sasa mwaka huohuo 1916, mwezi wa Juni, Emily alikuwa wapi? Berlin! Alipitia Uswisi, akaingia Ubelgiji iliyotekwa, akafika Ujerumani katikati ya vita, akaonana na waziri wa mambo ya nje von Jagow kutafuta njia ya amani, akatembelea kambi ya Ruhleben walikofungwa raia wa Kiingereza. Alivyorudi London wakamwona msaliti. Ujasiri anao, sibishi. Lakini rafiki yake Smuts anakausha watu Morogoro na Rufiji, na hakuna aliyemwandikia kuhusu sabuni ya wapagazi.

#30 Fundi Saa

Mkuu, pole kwa habari za babu. Ila usimpe Emily dhambi ya Smuts. Urafiki wao ulipoa kwa sababu ya vita hivyohivyo, hasa Smuts alipoingia baraza la vita la Uingereza 1917. Yeye alitaka Smuts aliyepigana na dola, si Smuts wa kuipigania.

#31 Mjukuu wa Mpagazi

Simpi dhambi. Nasema kulikuwa na kalamu moja hodari, na kalamu ile ilikuwa na upande inakotazama. Tutafute jina la hilo jambo.

#32 Chuma cha Pua

Kuhusu Smuts na barua, si ndiye yule aliyeandikiwa akajikuta gazetini?

#33 Bibi Maktaba

Ndiye, ila kinyume. Smuts alimwandikia Emily 1904 barua ya uchungu, anamlaani Milner na mpango wa kuleta vibarua wa Kichina migodini. Emily akaona barua tamu hivi haifai kulala kwenye droo, akaipeleka gazeti la The Times. Ikachapishwa. Smuts akashtuka, lakini waliendelea kuandikiana miaka. Mwandikie Emily siri zako uone.

#34 Chuma cha Pua

Huyo leo angekuwa anapiga picha za skrini za ujumbe wenu mnazituma kwenye makundi.

#35 Mlinzi wa Zamu

Kuna aliyesema kazaliwa St Ives? Nimeona mahali wameandika nyumba yake iko St Ives.

#36 Bibi Maktaba

Ni sehemu mbili, zote Cornwall. Alizaliwa St Ive, kijiji cha baba yake. Nyumba aliyonunuliwa uzeeni iko St Ives, mji wa pwani. Na nyumba hiyo ina kisa. 1921 alikuwa hana kitu, afya mbovu. Mama Steyn, mjane wa Rais Steyn wa Orange Free State, aliyekuwa akiandikiana naye kwa miaka, akawaomba wanawake wa Afrika Kusini kila mmoja atoe nusu krauni. Zikapatikana pauni 2,300. Emily alianza hata kuandika kumbukumbu za maisha yake kana kwamba anamwandikia Mama Steyn barua. Ukitaka kujua moyo wake ulikuwa kwa nani, angalia anayeanza naye "mpenzi".

#37 Nyota ya Alfajiri

Basi jibu la Kibogoyo si ndilo hilo? Barua huandikwa kwa mtu. Hakuwa na Mama Steyn mweusi.

#38 Mwana wa Ngazija

Hapana, hiyo ni huruma ya rejareja. Desemba 1914 aliandika salamu za Krismasi kwa wanawake wa Ujerumani na Austria, wanawake 101 wa Uingereza wakatia saini, ikatoka Januari 1915 kwenye jarida la wanawake waliopigania haki ya kupiga kura. Wote wale walikuwa rafiki zake? Wengi hakuwahi kuwaona. Na wale walijibu, 155. Alijua kumwandikia mtu asiyemjua. Alichagua tu nani awe asiyemjua.

#39 Nyota ya Alfajiri

Wanawake wa Ujerumani walikuwa na anwani, Mwana wa Ngazija. Soma #18 tena.

#40 Msafiri wa Free State

Kabla hamjaumizana, kidogo cha kuchekesha. Jeshi la majini la Afrika Kusini enzi za ubaguzi lilinunua nyambizi Ufaransa, moja wakaiita SAS Emily Hobhouse. Mpigania amani kapewa nyambizi ya kivita! Baada ya 1994 ikabadilishwa jina, ikawa Umkhonto, mkuki.

#41 Chuma cha Pua

Angepewa hata kivuko.

#42 Jogoo la Shamba

Hata hiyo ni sawa. Anapigana na vifutu kwa mwamvuli.

#43 Kibogoyo

😂 Turudi. Hadi sasa kuna hela za wachangiaji (Mhasibu), kalenda (Fundi Saa), barabara ya gari (Nyota), anwani (Bibi Maktaba), kifungu cha jeuri (Mwana wa Ngazija). Mimi bado kifungu hicho kinanizuia kulala. Mtu aliyeandika kile Juni 1901 na aliyeandika hotuba ya 1913 ni mkono mmoja. Kuna anayejua barua yoyote ya katikati, baina ya miaka hiyo, inayoonyesha anageuka?

#44 Fundi Saa

Barua ya kumtetea Gandhi ni ya baada ya hotuba, kwa hiyo haisaidii. Inasisitiza tu kwamba mwisho wa 1913 alikuwa ameshafika huko.

#45 Mwana wa Ngazija

Au hakugeuka. Inawezekana mtu akataka Waafrika wakumbukwe na bado asitake wamsimamie mwanamke mweupe kambini. Tumejaa watu wa hivyo hata leo, wanachangia yatima na hawataki mwanao aoe kwao.

#46 Mjukuu wa Mpagazi

Hapo umenena.

#47 Bibi Maktaba

Msisahau pia tume ya wanawake iliyotumwa na serikali baada ya ripoti yake, chini ya Millicent Fawcett. Emily walimwacha nje makusudi. Wakazunguka kambi, wakakuta yaleyale aliyoyasema, wakapendekeza yaleyale. Wao walikuwa na treni, ruhusa na muda. Kambi za Waafrika hawakuzifanyia kazi. Kwa hiyo nadharia ya hela ya Mhasibu inapata taabu, wale hawakuwa na wachangiaji.

#48 Mhasibu Mstaafu

Walikuwa na serikali. Serikali ndiyo mfadhili mkubwa kuliko wote, na hadidu za rejea ndizo zinazokulipia treni.

#49 Bibi Maktaba

Sawa, basi nikupe mwingine. 1919 na kuendelea Emily alikuwa Leipzig analisha watoto wa shule wa Kijerumani, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka Afrika Kusini, kwa Makaburu walewale. Miaka sita baada ya kuwaambia kwenye mnara wao habari za watu weusi waliokufa. Alikuwa ameshawakera, na bado wakachanga, na 1921 wakamnunulia nyumba. Inaonekana ukweli haukumkosesha hela.

#50 Mhasibu Mstaafu

Haukumkosesha kwa sababu aliusema mara moja, Desemba, kwa sauti ya mtu mwingine, halafu akarudi kwenye watoto weupe. Nileteeni rufaa yake ya fedha ya 1919 yenye Waafrika ndani, nitafuta nadharia yangu hapa hadharani.

#51 Fundi Saa

Rufaa ya watoto wa Leipzig ilipaswa kuwa na Waafrika ndani kwa misingi gani?

#52 Mhasibu Mstaafu

Ndiyo hoja yangu hiyohiyo, Fundi.